Fremu, Waya na Bolti za Kupigia Anodaizi: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vifaa vya Kushikia Alumini

Bolti ilikuwa ya M5 (kipenyo cha milimita 5), ya stenlesi, mpya kabisa. Nilipoitoa kwenye tangi la anodaizi, yaani la kuiotesha alumini utando wa oksaidi kwa umeme ndani ya asidi, baada ya dakika 45, sehemu iliyozama kwenye asidi ilikuwa imekonda kama msumari, thredi zimelika, nati inacheza. Kibao cha alumini kilichoshikwa na bolti hiyo kilitoka na utando mwembamba mno. Nilipokichovya kwenye rangi nyeusi kikatoka kijivu, tena chenye mabaka. Vibao 11 vilivyokuwa pembeni yake, vilivyobanwa kwa titani, vilitoka vyeusi tititi. Tangi lile lile, asidi ile ile, muda ule ule.

Tangu siku hiyo naamini kwamba kazi ya anodaizi hupona au hufa kabla haijagusa asidi, pale fundi anapochagua kitu cha kuishikia. Wengi wetu tunahangaika na mashine ya umeme, vipimo vya asidi na rangi, halafu tunaning'iniza kazi kwa waya wowote ulio karibu. Mwongozo huu ni wa sehemu hiyo inayodharauliwa: fremu, waya, bolti, nati na vizibo. Nazungumzia alumini kwenye asidi ya salfuriki, maana ndiyo anodaizi inayopigwa na wengi.

Metali inafanyaje ikiwa upande chanya?

Katika anodaizi, kazi yako ndiyo anodi, yaani imefungwa upande chanya wa umeme. Chochote kinachoigusa ndani ya asidi nacho ni anodi. Hapo kila metali inaonyesha tabia yake, na tabia ziko tatu.

Ya kwanza ni kulika. Chuma cha kawaida, stenlesi, shaba nyekundu, shaba ya manjano, zinki na nikeli haziwezi kujikinga zikiwa anodi kwenye asidi hii. Zinayeyuka, na zikiwa zinayeyuka zinapitisha umeme mwingi kwa urahisi kuliko alumini iliyokwisha kuanza kuota utando. Umeme hupenda njia nyepesi, kwa hiyo bolti inakula mkondo uliokusudiwa kwa kazi. Mbaya zaidi, metali iliyoyeyuka inabaki tangini. Shaba ikizidi kwenye asidi huleta vishimo na utando wenye masizi, na huwezi kuichuja kwa kitambaa.

Wengi hudanganywa na stenlesi kwa sababu ya sifa yake ya kutoshika kutu. Sifa hiyo ni ya kwenye hewa na maji. Ukiiweka upande chanya kwa volti 15 ndani ya asidi, ile ngozi yake ya kromiamu inavunjika.

Tabia ya pili ni kuota utando mnene usiopitisha umeme. Hiyo ndiyo alumini yenyewe. Fremu ya alumini inapigwa anodaizi pamoja na kazi, kila mara.

Tabia ya tatu ni kuota utando mwembamba sana kisha kusimama. Titani iko hapa, pamoja na niobiamu na tantalamu ambazo bei yake inazuia mafundi wengi. Titani ikizama, ndani ya muda mfupi inajifunika kwa oksaidi nyembamba kiasi kwamba mwanga ukiigonga unaona rangi ya dhahabu au bluu. Oksaidi hiyo inauzuia umeme usitoke titani kwenda kwenye asidi. Lakini pale titani inapokandamizwa na alumini, ngozi hiyo nyembamba inapasuka kwa shinikizo na umeme unapita, metali kwa metali. Hiyo ndiyo siri nzima ya titani: inapeleka umeme kwenye kazi bila kuumwaga njiani.

Hatua ya 1: Isome kazi kabla ya kugusa fremu

Iweke mezani uitazame pande zote. Tafuta kwanza mahali ambapo alama inaruhusiwa. Kila unapoishika kazi patabaki doa lisilo na utando wala rangi, hata kama ni dogo kama kichwa cha pini. Hakuna ujanja wa kulikwepa, kuna ujanja wa kulificha tu: ndani ya tundu, kwenye uso utakaofunikwa na kipande kingine, au kwenye ukingo wa chini. Kama kazi ni ya mtu, mwonyeshe mahali hapo na mkubaliane kabla, maana doa lililokubaliwa halileti ugomvi.

Kisha tafuta metali ngeni ndani ya kazi. Kuna pini za chuma, springi za thredi za stenlesi zilizoingizwa kwenye matundu, na bushi za shaba zilizopigwa kwa presi. Vyote vitoke. Visivyoweza kutoka vizibwe kabisa visiguswe na asidi, na kama huwezi kuvifunika kwa uhakika, kataa kazi. Sumaku inasaidia kwa chuma, lakini stenlesi nyingi hazishikwi na sumaku, kwa hiyo tumia macho na ncha ya sindano.

Mwisho pima eneo. Chukua kibao cha milimita 100 kwa 150, unene milimita 3. Nyuso mbili ni desimita za mraba 3, kingo ni 0.15, jumla 3.15. Anodaizi ya kawaida hutumia takriban ampea 1 hadi 1.6 kwa kila desimita ya mraba. Ukichagua 1.5, kibao kimoja kinataka ampea 4.7 na vibao 12 vinataka kama ampea 57. Iandike namba hiyo, kwa sababu ndiyo itakayochagua unene wa fremu.

Hatua ya 2: Alumini au titani?

Mimi natumia zote mbili, na sioni haya kusema kwamba kwa kazi moja moja, alumini inatosha.

Alumini ni rahisi kupatikana, inapinda, inachongwa kwa msumeno wa mkono, na inapitisha umeme vizuri sana. Ukinzani, yaani kiasi metali inavyozuia umeme, wa aloi ya alumini ya 6061 ni kama 0.04 mikroomu-mita, ilhali titani safi ya daraja la 2 ni takriban 0.56. Yaani kwa unene na urefu uleule, titani inakinza mara 14. Joto nalo hivyo hivyo: alumini inalisafirisha mara nyingi zaidi ya titani.

Gharama ya alumini inakuja baadaye. Kila ukimaliza mzunguko fremu imefunikwa na utando, na utando huo ni kizuizi cha umeme. Lazima uuondoe kabla ya kupakia tena, kwa kawaida kwa kostiki soda ya gramu 50 hivi kwa lita, ikiwa ya moto wa nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Kostiki haijui kubagua: inakula utando, inakula na metali. Vishikio vinakonda, springi inalegea, na baada ya mizunguko kadhaa kishikio kilichokuwa kinauma kinabaki kinagusa tu. Wengi huharibikiwa hapo, kwa sababu fremu bado inaonekana nzima kwa macho. Kuna mchanganyiko wa asidi ya fosforiki na kromiki unaotoa utando bila kula metali, lakini kromiamu yake ni ile yenye sumu inayosababisha saratani, na karakana ndogo isiuguse.

Hesabu pia kwamba alumini iliyozama inakula mkondo. Mhimili wa fremu, yaani ufito wake mkuu unaobeba vishikio, wa milimita 25 kwa 6, ukizama milimita 800, una karibu desimita 5 za mraba. Kwa kiwango chetu hizo ni ampea 7 na zaidi. Usipoziongeza kwenye hesabu, vibao vyako vyote vitapata utando mwembamba kuliko ulivyopanga. Titani hailipiwi hivyo, unahesabu kazi tu.

Kwa aloi ya fremu chagua 6061 au 6063 iliyotiwa ugumu kwa joto, inayoandikwa T6. Alumini laini ya waya wa kufungia inafaa kusokota lakini haina springi. Kaa mbali na familia ya 2000, kama 2024, kwa sababu ina shaba nyingi ndani yake na inalika vibaya.

Titani ukiinunua umeinunua kwa miaka. Kostiki ya kawaida ya karakana haiisumbui na springi yake haichoki upesi. Lakini ina maadui, na lazima uwajue kwa majina. Wa kwanza ni floraidi ya aina yoyote: asidi ya haidrofloriki, au dawa za kuondoa masizi zenye bifloraidi ya amonia. Hizo zinaila titani mbele ya macho yako. Wa pili ni asidi ya fosforiki ya moto, ile ya matangi ya kung'arisha. Kama mfululizo wako una tangi la namna hiyo, pitisha kazi humo kwa fremu ya alumini, kisha ihamishie kwenye titani. Wa tatu ni uvivu. Titani iliyoachwa ndani ya asidi ya salfuriki umeme ukiwa umezimwa inapoteza ulinzi wake na kuanza kulika polepole, hasa ikiwa bado inagusana na alumini. Ukizima mashine, toa fremu.

Kwa hiyo nachagua hivi. Kazi zinazojirudia, vipande vingi vya umbo moja, anodaizi ya kawaida yenye rangi: titani. Kipande kimoja cha ajabu ambacho hakitarudi: alumini. Anodaizi ngumu, ile ya tangi lililopozwa karibu na nyuzi 0 hadi 5 na mkondo wa ampea 2.5 hadi 4 kwa desimita ya mraba: hapo narudi kwa alumini nene, bila kujali umbo, kwa sababu mkondo ni mkubwa na joto pale pa mguso linahitaji njia ya kutoka. Titani nyembamba kwenye anodaizi ngumu inapata moto, na moto ukianzia kwenye mguso, asidi inachimba shimo kwenye kazi yako.

Hatua ya 3: Unene uamuliwe na hesabu

Watu wananiuliza, "Waya wa titani wa milimita 1 unatosha?" Jibu liko kwenye ampea. Waya huo, ukiwa na urefu wa milimita 150, una ukinzani wa karibu omu 0.107. Kibao chetu cha ampea 4.7 kitapoteza nusu volti kwenye waya huo. Kama kibao cha jirani kimeshikwa kwa waya wa milimita 2, chenyewe kinapoteza robo ya hapo. Vibao viwili, fremu moja, lakini kila kimoja kinapata volti yake, na rangi zitakuumbua. Sasa peleka waya huo kwenye anodaizi ngumu ya ampea 11: unapoteza volti 1.2, na wati 13 zinageuka joto kwenye waya mwembamba kama ule. Sehemu iliyo nje ya asidi haipozwi na chochote.

Fanya hesabu hiyo kwa kila kitu kinachobeba mkondo. Zidisha ukinzani wa metali kwa urefu, gawanya kwa eneo la mkato, kisha zidisha kwa ampea. Mhimili wa titani wa milimita 25 kwa 6, wenye urefu wa milimita 800 na ampea 57, unapoteza kama volti 0.17. Unavumilika. Mimi sipendi fremu nzima ipoteze zaidi ya nusu volti kutoka juu hadi kwenye kazi, na pia nataka vishikio vyote viwe vya unene na urefu uleule, ili hasara iwe sawa kwa kila kipande.

Neno moja kuhusu daraja za titani. Daraja la 1 na la 2 ni titani safi. Daraja la 5, yenye alumini na vanadiamu, ni ngumu na ina springi nzuri, lakini ukinzani wake ni karibu mara tatu ya ile safi. Kwa mhimili mrefu tumia safi. Kwa bolti fupi haidhuru: bolti ya M5 ya daraja la 5 inayobeba ampea 10 kwa milimita 30 inapoteza chini ya volti 0.04, na bolti nyingi za titani zinazouzwa ni za daraja hilo.

Na je, umeuziwa titani kweli? Ipime kwa mizani na maji. Titani ina gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo, alumini 2.7, stenlesi karibu 8. Au gusisha ncha kwenye grainda: titani hutoa cheche nyeupe kali, chuma hutoa za manjano na chungwa, alumini haitoi. Usifanye hivyo karibu na vumbi la titani lililorundikana, kwa sababu linashika moto.

Hatua ya 4: Mguso

Hapa ningekaa nawe siku nzima kama ningeweza. Fremu nzuri kuliko zote, ya titani safi, haina maana kama mguso wake unalegea.

Fikiria kinachotokea. Kishikio kimeikandamiza alumini, umeme unapita. Hewa inayokoroga asidi inaitikisa kazi. Ikisogea hata upana wa unywele, alumini iliyokuwa chini ya kishikio inaloweshwa na asidi, na papo hapo inaota utando. Kishikio kinarudi mahali pake, lakini sasa kinakanyaga oksaidi isiyopitisha umeme. Kazi imekatwa. Imebaki ndani ya asidi bila ulinzi, na asidi inaanza kuitafuna taratibu huku wewe unasubiri nje ukitazama saa.

Ndiyo maana kuning'iniza hakutoshi. Ndoano iliyopita kwenye tundu, kazi ikining'inia kwa uzito wake, inacheza. Kazi nyepesi ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haina hata uzito wa kujikandamiza. Lazima ibanwe, kwa springi, kwa bolti, au kwa waya uliosokotwa mpaka ukauma.

Ukitumia kishikio cha springi, kipinde zaidi ya upana wa kazi, ili ukikiingiza ulazimike kukisukuma kwa kidole gumba kwa nguvu inayouma kidogo. Ncha yake iwe kali kiasi cha kuchoma ngozi ya oksaidi, isiwe pana kama kijiko. Ncha mbili zinazosukumana pande tofauti ndani ya tundu moja hushika vizuri kuliko ncha nne zinazogusa kwa upole. Kwa kazi yoyote kubwa kuliko kiganja, weka miguso miwili inayobeba umeme, ili mmoja ukifa mwingine uendelee.

Ukitumia waya wa alumini, huu ndio utaratibu wangu. Nausugua waya kwa msasa urefu wote utakaogusa. Naupitisha kwenye tundu, naurudisha, nasokota kwa koleo mizunguko mitatu, kisha nashika kazi kwa mkono mmoja na waya kwa mwingine na kujaribu kuizungusha. Ikizunguka, naongeza nusu mzunguko. Ikigoma, na waya ukaanza kupinda badala ya kuteleza, hapo imeshika. Waya huo siutumii mara ya pili, naukata na kuutupa.

Jaribio la mwisho kwa fremu yoyote iliyopakiwa ni kuitikisa hewani, kwa nguvu kuliko hewa ya tangi itakavyoitikisa. Sikiliza. Kazi iliyoshikwa vizuri haitoi sauti. Ukisikia mlio mdogo wa metali, kuna kipande kinacheza, kitafute. Fanya jaribio hilo kabla ya kusafisha kwa kostiki, kisha tena kabla ya kuingia kwenye asidi, kwa sababu kostiki imekwisha kula kidogo ya alumini pale pa mguso na kubana kumepungua. Lakini usikisogeze kishikio mahali pake, kaza tu.

Hatua ya 5: Bolti, nati na washa

Tundu lenye thredi ndiyo zawadi kubwa unayoweza kupewa. Bolti ya titani ikiingia humo inashika, inapeleka umeme, na alama inabaki ndani ya thredi ambako hakuna atakayeiona. Iingize kwa kina, angalau mizunguko mitano, na uikaze ikomee kwenye kitu: chini ya tundu, au kwa nati ya titani inayokaza dhidi ya uso wa kazi. Bolti iliyoingia bila kukomea inalegea.

Kwenye tundu lisilo na thredi, bolti ya alumini na nati ya alumini zinafaa, ila kumbuka zitaota utando na kugandana. Zihesabu kama za kutumia mara moja au mbili. Usichanganye bolti ya titani na nati ya chuma hata kama "nati iko nje kidogo". Asidi inarukaruka na kupanda kwenye thredi. Bolti za chuma zilizopakwa zinki kamwe.

Matundu ya thredi ambayo huyatumii kushikia, hasa kwenye anodaizi ngumu, yazibe. Utando hukua nusu ndani na nusu nje. Ukiwa na mikroni 25 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), uso unapanda kama 12.5, na kwenye thredi zenye pembe ya digrii 60 kipenyo cha kati, kile cha katikati ya kina cha thredi, kinabadilika mara nne ya hapo, yaani mikroni 50. Bolti iliyoingia vizuri jana itakwama leo. Vizibo vya mpira wa silikoni vyenye umbo la koni vinafanya kazi nzuri.

Kwa vipande vya kutenganisha na kushikilia visivyobeba umeme, plastiki za polipropilini na PTFE (Tefloni) zinavumilia asidi na maji ya moto. PVC inavumilia asidi lakini inalainika kwenye tangi la maji ya moto la kuzibia vinyweleo vya utando, ambalo hukaribia nyuzi 96 hadi 98. Nailoni iepuke kabisa, pamoja na zile kamba za plastiki za kufungia nyaya: asidi inaivunja, na kazi yako inaanguka chini ya tangi katikati ya safari.

Fremu zinaweza kuvikwa ngozi ya plastiki isipokuwa kwenye ncha, na kwa fremu ya alumini hilo linaokoa mkondo mwingi. Ichunguze kila mara. Ikipasuka, asidi inajificha ndani ya ufa, inapita salama kwenye maji ya kusuuza, kisha inavuja kwenye tangi la rangi na kuacha michirizi iliyopauka. Ngozi iliyopasuka ni bora itolewe yote.

Hatua ya 6: Namna ya kuning'iniza

Kazi ining'inie ikiwa imeinama kidogo, kona moja chini, ili hewa itoke juu na maji yatoke chini. Tundu lisilopenya likitazama chini linabeba puto la hewa, na ndani yake hapataota kitu. Likitazama juu linabeba asidi hadi kwenye rangi. Lielekeze pembeni, likiinama juu kidogo wakati wa kuingia, na ulisuuze kwa bomba la sindano lenye maji. Vipande visigusane, na visikae kwenye kivuli cha vingine mbele ya kathodi, yaani bamba la upande hasi.

Juu ya asidi, ndoano ya fremu inakalia ufito wa shaba. Hapo shaba inaruhusiwa na ndiyo bora, mradi haizami wala haidondokewi. Wengi husafisha vishikio vya chini na kusahau mguso huu wa juu, ambao unabeba mkondo wote wa fremu. Usugue kwa msasa pande zote mbili na uubane kwa klampu yenye skrubu.

Una njia rahisi ya kuupima. Mashine ikiwa inafanya kazi, weka mita kwenye milivolti, ncha moja kwenye ufito, nyingine kwenye ndoano. Milivolti 10 au 20 ni sawa. Zikizidi 100, mguso ni mchafu au umelegea. Ukigusa kwa mkono wenye glavu kavu utausikia una joto.

Hatua ya 7: Sikiliza mita wakati wa kazi

Mita ya ampea inakuambia habari za fremu kuliko kitu kingine chochote. Ukiwa kwenye volti zisizobadilika, mkondo unaanza juu kisha unashuka taratibu kadiri utando unavyonenepa. Ukianguka ghafla, kuna mguso uliokatika. Ukipanda bila sababu, kuna metali ngeni inayolika au fremu inagusa kathodi. Ukiwa kwenye ampea zisizobadilika, kipande kimoja kikikatika vingine vinagawana sehemu yake, na utaona volti zinaruka juu. Usisubiri mwisho. Zima, toa, tazama.

Muda wenyewe unapatikana hivi: zidisha mikroni unazotaka kwa 3.1, gawanya kwa ampea za kila desimita ya mraba. Mikroni 15 kwa ampea 1.5 ni dakika 31. Hesabu hiyo ni ya kweli tu ikiwa umeme wote unafika kwenye kazi.

Kipande kilichokatika katikati hakitengenezeki kwa kukikaza upya na kukirudisha, kwa kuwa sasa kishikio kinakanyaga utando. Kivue utando kwa kostiki, kikague vipimo, uanze upya.

Kutunza fremu

Vishikio vya titani vikikusanya ngozi nene ya rangi na mguso ukaanza kudai nguvu zaidi, sugua ncha tu kwa msasa wa namba 240 mpaka zing'ae kijivu. Fremu za alumini zivue utando siku ileile, kabla utando haujakauka na vumbi. Vaa miwani na glavu ndefu, weka kostiki kwenye maji na kamwe usimwage maji juu yake, na fungua madirisha, kwa sababu alumini kwenye kostiki inatoa haidrojeni. Ikitoka nyeusi kwa masizi, ichovye kwenye asidi ya naitriki, suuza, kausha.

Kisha chukua kalipa na upime unene wa kila kishikio. Mimi naandika kipimo cha mwanzo kwenye mhimili wa fremu kwa ncha ya chuma. Kishikio kikipungua robo ya unene wake nakikata na kupachika kipya, hata kama bado kinaonekana kizima.